Mishono Saba ya Jean-Berchmans

Sina ugomvi na utamaduni. Nalisema hilo mapema kwa sababu tangu siku ile watu wa Biryogo, mtaa wetu hapa Kigali, wananiita mama aliyegombana na utamaduni redioni, halafu wanacheka. Niligombana na mtu mmoja tu, ambaye alikaa ndani ya nyumba yangu, akala kwenye meza yangu, kisha akaenda redioni kuuambia mji mzima kwamba kibuyu alichokishona mume wangu ni cha mfalme.

Ilikuwa Oktoba 1994. Nilikuwa nashona kwa Mwamini, fundi cherehani, kwenye chumba chake cha mbele kinachotazama kichochoro. Mwamini ndiye aliyenificha tangu Aprili. Mauaji yalipokoma hakuniambia niondoke. Alinisogezea cherehani ya pili, basi, na hakuna aliyelizungumzia tena. Redio yetu ya betri ilikaa juu ya rundo la vitambaa, na kila siku saa moja jioni tulisikiliza kipindi cha mazungumzo cha Connie, binti aliyekulia Kampala. Kilikuwa cha Kiswahili, maana mji ulikuwa umejaa watu waliorudi kutoka Uganda, Tanzania, Burundi na Zaire, na Kinyarwanda cha wengi wao kilikuwa kinachechemea. Leo Connie alimleta mtu wa historia, kesho mtu wa habari za siku, keshokutwa mtu wa mila. Nilikipenda kipindi kile. Mara nyingine nilimjibu mgeni kwa sauti kana kwamba ananisikia, na Mwamini aliniambia nimwache mtoto wa watu amalize.

Jioni ile mgeni alikuwa Bwana Libère, mwalimu mstaafu kutoka Bujumbura, aliyetambulishwa kama mtaalamu wa mila zetu. Alikuja studio na igisabo, kile kibuyu kikubwa ambacho wanawake wa kwetu husukia maziwa mpaka siagi itoke. Kwanza kabisa akakigonga kwa vidole mbele ya maikrofoni, ko, ko, ko. Nikasonya. Igisabo hakigongwi. Mtoto wa miaka mitatu akikigonga anapigwa kofi, sembuse mtaalamu.

"Wasikilizaji, nyinyi hamukioni, lakini mimi minakishika hapa," alisema. "Kina ufa, toka tumboni mpaka kwa mdomo. Na ule ufa umeshonwa na waya ya shaba, mishono saba. Sita imelala vizuri. Ya saba imepita juu ya ya sita, iko kama msalaba. Ile si bahati mbaya! Saba ni hesabu ya ikulu, na ule msalaba ni alama ya mama wa mfalme. Babu yangu alikibeba mwaka wa hamsini na tisa, wakati alikimbia kwenda Burundi."

Mguu wangu ukasimama juu ya kanyagio la cherehani.

"Iko nini?" Mwamini aliuliza. "Sindano imekatika?"

"Huyo mtu iko na kibuyu yangu," nikasema.

Sasa nieleze kuhusu huo msalaba wa mama wa mfalme. Kibuyu nilipewa na mama yangu siku niliyoolewa, kikiwa kizima hakina hata mkwaruzo. Oktoba 1990, vita vilipoanza kule mpakani, askari waliingia nyumbani kwetu, nyuma ya mtaa wa Gisimenti, kutafuta silaha. Walizitafuta kwenye unga, wakazitafuta kwenye godoro, na mmoja akazitafuta kwenye kibuyu kwa kukipiga na kitako cha bunduki. Silaha hawakupata. Wakamchukua mume wangu, Jean-Berchmans, wakampeleka uwanjani Nyamirambo pamoja na mamia ya wengine, na kutoka hapo gerezani. Alikaa miezi sita. Hakushtakiwa kwa lolote, hakuulizwa lolote la maana, na alirudi Aprili ya mwaka uliofuata akiwa amepungukiwa meno mawili.

Kabla ya kwenda kutafuta kazi, kabla hata ya kunyoa ndevu, alikaa mlangoni akashona kile kibuyu. Alikuwa fundi umeme. Alichukua kipande cha waya, akakimenya plastiki ikabaki shaba tupu, akatoboa matundu kwa msumari wa moto, akaanza. Mimi fundi wa nguo nilikaa pembeni nikimcheka. Mishono sita ilikwenda vizuri. Kwenye wa saba waya ulimwishia, akakosea tundu, akaupitisha juu ya wa sita ili usifumuke. Nikamwambia mwanafunzi wangu akiniletea mshono wa namna hiyo namfukuza. Akaniuliza, "Kitashika maziwa?" Kikashika.

Basi hiyo ndiyo alama ya mama wa mfalme.

Jioni ya tarehe sita Aprili 1994 nilikuwa Biryogo nikimsaidia Mwamini gauni la bibi harusi. Halikuisha, nikalala hukohuko. Jean-Berchmans alibaki nyumbani, na sikumwona tena. Hatukubahatika kupata mtoto. Picha zetu, nguo zake, koleo zake, hata milango ya ndani, vyote vilibebwa; ilibaki meza na viti. Nilikuwa sina hata kitambaa alichojifutia jasho. Ndiyo maana nililitaka lile buyu lenye ufa kuliko nyumba yenyewe: katika dunia nzima, ni hilo tu lililokuwa na kazi ya mikono yake. Walioiba nadhani waliliacha kwa sababu lilipasuka.

Nyumba nilikuwa nimeshaifuata Agosti. Bwana Libère mwenyewe alinifungulia. Mtu mpole, sitasema uongo. Alinikaribisha kwenye kiti changu, akanipa Fanta, akasema, "Pole sana, mama. Sisi tulikuta nyumba haina mtu, tukaingia. Leta karatasi ya ofisi, mimi sina shida." Ofisi ya nyumba ikataka hati, au mashahidi walionijua katika nyumba ile kabla ya Aprili. Hati ziliungua. Nilimaliza Fanta, nikaaga vizuri, nikaondoka. Hasira ilinijia njiani, ikiwa haina faida tena.

Safari hii, kipindi kilipoisha, hasira iliniwahi. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwa Connie.

"Anti, karibu," alisema. Alinisikiliza mpaka mwisho, kalamu mdomoni. "Hii ni kitu kizuri sana. Alhamisi namwita Bwana Libère tena, na wewe unakuja. Munaongea wote wawili. Lakini Anti, mambo ya nyumba, please, hapana. Ile ni ya ofisi. Sisi hapa ni utamaduni."

Nikakubali. Mpaka leo najiuliza ni kwa nini nilikubali. Nimeishi maisha yangu yote nikiambiwa kitu gani ni cha ofisi na kitu gani si cha ofisi, na kichwa changu kimezoea kuitika chenyewe.

Alhamisi niliingia studio, chumba kidogo chenye mazulia ukutani. Kibuyu kilikuwa juu ya meza. Nilikitambua kabla sijafika kwenye kiti, na jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kimepakwa vanishi. Vanishi ya mbao! Chombo cha maziwa! Kiling'aa hadi aibu. Bwana Libère alisimama akanipa mikono miwili, akaniuliza habari za Biryogo, na nikajibu nzuri, kwa sababu mdomo nao umezoea.

Taa nyekundu ikawaka. Connie akatukaribisha kwa maneno matamu kuhusu vyombo vya nyumbani, nami nikaeleza kila kitu kama nilivyokieleza hapa: askari, kitako cha bunduki, uwanja, gereza, msumari wa moto. Sikulia. Nilipomaliza, Bwana Libère aliinama kwenye maikrofoni yake.

"Mama, sisi wote tunakupa pole," alisema taratibu. "Nchi yetu imeumia sana. Watu wengi walipoteza vitu vyote, na sasa wanaona vile vitu vyao kila pahali, hata kwa soko, hata kwa jirani. Ni huzuni inafanya vile. Hatuwezi kuwakasirikia."

Connie akatikisa kichwa kwa huruma. Uongo wa yule mzee niliuvumilia, lakini huruma ile ilinipanda kichwani. Yaani mume wangu wanipokonye, nyumba wanipokonye, halafu na akili zangu wanigawie redioni kwa kijiko!

"Connie, mwanangu," nikasema, "tia kidole ndani."

"Ndani ya nini, Anti?"

"Ndani ya hicho kibuyu cha ikulu. Mshono wa saba uko hapo mdomoni, utaufikia. Waya ulikuwa umemwishia, kwa hiyo ile ncha ya mwisho hakuimenya. Ameikunja kwa ndani. Utagusa plastiki. Ni nyekundu."

Connie alimtazama Bwana Libère, akamtazama fundi mitambo nyuma ya kioo, kisha akatia kidole.  Aliuchokonoa ule mshono, akaichukua tochi ya fundi, akachungulia.

"Ni nyekundu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Wasikilizaji, ni waya ya umeme. Bwana Libère, pale ikulu walikuwa na umeme?"

Fundi mitambo akacheka, tukamwona kupitia kioo. Bwana Libère hakucheka. Alikaa ameshika miwani yake, na alipofungua mdomo hakuwa tena mtaalamu.

"Babu yangu hakubeba kitu," alisema. "Alivuka mto na shati moja. Mimi nilizeeka kule, baba yangu alikufa kule. Tulipofika hapa watoto waliniuliza, papa, tumerudi, sasa vitu vya kwetu viko wapi? Nilikuta hiki kwenye kona ya jiko. Nikawaambia, ni hiki."

Nilimwelewa. Nasema kweli, nilimwelewa, na hasira yangu haikupungua hata tone. Ningemsikitikia vizuri zaidi kama tungekuwa tumekaa yeye kwake na mimi kwangu. Kumbe huo ufa ulikuwa na historia ya kuwatosha watoto wake na wa jirani: vita, gereza, watu walionyamaza. Lakini hiyo hakuitaka. Alitaka ya mama wa mfalme.

Hapo ndipo nilipoisahau ahadi yangu. Nikaivuta maikrofoni. "Mimi ni Mukasine," nikasema. "Nyumba yangu iko nyuma ya Gisimenti, ina geti la buluu. Mume wangu alikuwa Jean-Berchmans, fundi umeme, aliyeweka taa kwenye nusu ya baa za pale. Mtu yeyote aliyetujua katika nyumba ile, kesho aje ofisi ya nyumba anishuhudie. Nitakuwa pale tangu asubuhi." Connie angeweza kunizima. Mkono wake ulikuwa juu ya kitufe, na aliuacha hapohapo bila kukibonyeza.

Kesho yake nilifika kabla ofisi haijafunguliwa, kibuyu nilichotoka nacho studio kikiwa mapajani. Karani alikuwa Ntare, kijana aliyekulia Karagwe, kule Tanzania, mwenye Kiswahili kisafi na shati lililopigwa pasi. Nilikaa kwenye benchi. Kila mlango ulipolia nilinyanyua kichwa. Saa nne, saa sita, saa nane. Nilianza kupitia moyoni wale niliowategemea. Mwenye baa ya kona, waliuawa yeye na mkewe. Mwalimu wa nyumba ya pili, aliuawa. Muuza mkaa alikuwa amekimbilia Zaire, na nadhani ana sababu zake za kutorudi. Pudentienne, niliyekuwa nikimshonea watoto wake sare, aliuawa pamoja na sare zenyewe. Watu wote wa Kigali walikuwa wamenisikia, na hakuna hata mmoja aliyekuja.

Saa kumi na moja mlango ukalia, akaingia Bwana Libère. Alivaa suti yake. Hakuniangalia. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza ya karani akasema, "Nyumba yenye geti ya buluu ni ya huyu mama. Nimekuja kushuhudia."

Ntare alichukua fomu. "Ulianza lini kuishi Kigali, mzee?"

"Mwezi wa saba, mwaka huu."

Akaiweka fomu chini. "Basi huwezi kuwa shahidi. Shahidi anatakiwa awe alimfahamu mlalamikaji katika nyumba husika kabla ya Aprili."

"Lakini ni mimi minakaa ndani!"

"Ndiyo, mzee. Kwa hiyo una maslahi."

 Bwana Libère akatoa ufunguo mfukoni akauweka mezani. "Leo tunahamia kwa shemeji yangu, Gitega ya hapa Kigali," alisema. "Tutabanana. Mpe."

Niliunyoosha mkono, na Ntare akaunyoosha wake, na wa kwake ulikuwa karibu zaidi. Akaufunga kikaratasi kwa uzi, akaandika juu yake, akavuta droo, akautumbukiza. "Nyumba ambayo mwenyewe hajathibitishwa inakuwa chini ya uangalizi wa ofisi," alisema. "Utakapopata mashahidi, mama, utaukuta hapa. Hautapotea."

"Mashahidi wangu wamekufa," nikasema.

"Nakuelewa, mama."

"Hunielewi. Wameuawa kwa sababu walikuwa jirani zangu. Wangekuwa hai, nyumba yangu ingekuwa na watu, na wewe na fomu yako ningekufahamia wapi? Unataka nikuletee nani? Niwachimbue?"

"Ni utaratibu," Ntare alisema, akiiangalia fomu. "Sikuutunga mimi."

Nilimpa Bwana Libère kibuyu ashike. Nikaizunguka meza, nikavuta droo mwenyewe mpaka mwisho. Nilidhani nitaona ufunguo wangu, kalamu mbili tatu na mihuri. Nilikuta droo imejaa funguo. Za kufuli, za milango, nyingine zimepata kutu, kila mmoja na kikaratasi chake. *Gitega, mlango wa kijani, karibu na bomba. Remera, nyumba ya bati mbili, haina dirisha. Nyamirambo, duka la zamani la chumvi.* Majina ya watu hayakuwemo. Wangu ulikuwa juu: *Gisimenti, geti la buluu.* Na mimi sikuwemo humo. Nilikuwa nimesimama palepale, nimevaa viatu, na karatasi haikunitaja.

"Hao wote?" nikauliza.

"Wanangoja mashahidi," Ntare alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Nikautia wangu mfukoni, na sikuomba ruhusa. Kisha nikaichomoa droo yote kutoka mezani, nikaipachika kiunoni kama ninavyobeba beseni la nguo, nikatoka.

"Mama! Hiyo ni mali ya ofisi!"

"Basi ifuate," nikamwambia.

Akaifuata. Tulikwenda hivyo, mimi na droo mbele, Bwana Libère amekumbatia kibuyu nyuma yangu, na Ntare wa mwisho akituomba tusimame tuzungumze kama watu wazima. Watu walituacha njia. Sikumjibu, maana kila niliyepita mbele yake nilikuwa namkasirikia pia, kwa kuwa hakuja.

Tulifika redioni ikikaribia saa moja. Connie alikuwa studio na mgeni wa jioni ile, bwana mmoja wa ngoma za kale. Nikaitua droo juu ya meza yao. Funguo zikagongana.

"Anti, hii ni nini?"

"Mgeni wako wa leo. Soma vikaratasi, kimoja kimoja. Anayeijua nyumba aseme ilikuwa ya nani."

Connie alikichukua cha kwanza, akakisoma kimyakimya, akakirudisha. "Lakini Anti, hii ni nini? Ni utamaduni? Ni historia?"

"Ni habari za siku," nikasema. "Na historia. Na kama utamaduni wetu sasa ni kuwafungia watu ndani ya droo, basi ni utamaduni pia. Chagua mwenyewe."

Alimgeukia Ntare, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akihema, shati lote limelowa. Nilijua atasema mali ya ofisi, nikajiandaa kumrukia.

"Ziko ngapi?" Connie alimuuliza.

"Mia moja na kumi na mbili," Ntare alisema. Hakuhitaji kufikiri. "Na mmoja aliochukua mama."

Connie aliangalia saa ya ukutani. Akamwomba radhi yule bwana wa ngoma, akamwambia arudi wiki ijayo. Kisha akaivuta maikrofoni karibu, na taa ilipowaka akaanza kusoma.